Meno Sita ya Komba wa Tetu

14 Machi 1971, Jumapili

Kitabu hiki nimepewa na Wachuka, binti ya dada yangu Kabura, mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya wasichana Nyeri mjini. Amekipiga mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, mvua, komba, mengineyo. Ati kila siku niandike kama imenyesha, na ni komba wangapi nimewaona kwenye miti yangu ya miwati, tangu mvua hii ianze mpaka iishe. Nikamwuliza kwa nini mimi, na Tetu imejaa wazee wasio na kazi. Akasema, "Kwa sababu wewe unaona vitu, Mjomba."

Wengi husema hivyo juu yangu. Yeye peke yake husema kwa wema, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kuandika najua. Nilifika darasa la tatu, na ningeendelea ila mwalimu aliona nakaribia kumpita.

Kwa atakayesoma na hamjui komba: ni mnyama mdogo wa usiku, macho kama vifuniko vya chupa, mkia mrefu wa manyoya, na kilio cha mtoto mchanga aliyeachwa njiani. Anapenda gundi inayotoka kwenye miwati. Mimi nabandua maganda nipeleke kiwandani, yeye analamba gundi. Tumeshirikiana miaka mingi bila kugombana.

Mvua: imeanza saa tisa. Komba: arobaini.

15 Machi

Mvua kubwa. Komba: hamsini na mmoja.

16 Machi

Mvua. Komba: sitini. Ngendo, mke wangu, amesoma juu ya bega langu akauliza kama wameletwa na lori.

18 Machi

Wachuka amepita baada ya masomo. Aliangalia hesabu yangu na hakucheka. Alisema mtu akiona wawili akaandika sitini, basi hata wale wawili amewapoteza. Akanionyesha namna: shika tochi karibu na jicho lako, zungusha polepole, macho ya komba yatawaka mekundu kama makaa, hesabu jozi.

Nimehesabu jioni hii. Wanne. Nimeandika saba, kwa sababu ya heshima.

21 Machi, Jumapili

Leo ni siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Mwaka wa 1942 Keya, jeshi la Mwingereza, ilitupeleka Madagaska kuwanyang'anya Wafaransa kisiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miguu isiyochoka. Baada ya vita tulikaa tukilinda reli katika msitu wa mashariki, mimi na askari mwenzangu Kihara wa Kiriaini. Asubuhi moja, ukungu bado uko chini, nikasikia wimbo. Juu ya miti walikaa wanyama weusi kwa weupe, wakubwa kama mtoto wa miaka mitatu, mkia kama hakuna, wametulia kama wazee wa kanisa. Mmoja alianza, wa pili akapokea, sauti ikapanda mpaka ikatetemesha kifua changu, halafu ikashuka polepole kama mtu anayeteremka mlima akilia. Kihara aliweka bunduki chini akavua kofia.

Nimesimulia jambo hili Tetu kwa miaka ishirini na mitano. Hakuna aliyeamini. Jirani yangu Nderitu hanisalimu kama watu, anavuta mdomo na kulia kama bundi, halafu anauliza, "Kwaya haijambo?"

Leo Wachuka amekuja na kitabu kinene cha picha, cha kuazima. Akakifungua mezani, na huyo hapo. Mweusi kwa mweupe, macho yale yale. Jina lake indri. Na Wachuka akasoma kwa sauti, akitufasiria, kwamba huimba asubuhi na wimbo wake husikika mbali sana.

Ngendo alifuta mikono, akainama, akatazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe."

Nimeoa miaka ishirini na miwili. Hiyo "kumbe" naipokea kama ng'ombe wa maziwa.

Ndipo Wachuka akauliza, "Mjomba, na lile taya bado uko nalo?"

Nikaleta kopo la tumbaku. Ndani yake kuna taya dogo la chini ambalo nimeonyesha watu tangu nirudi, nikisema ni la mmoja wa wale waimbaji. Wachuka alipokuwa mtoto nilimwachia alishike. Sasa akaniambia habari: jumba la makumbusho Nairobi linatafuta msaidizi katika idara ya mifupa. Kila mwombaji apeleke maandishi juu ya mnyama mmoja aliye na sehemu yake mkononi, kabla ya mwisho wa Aprili. Wengine watapeleka mbuzi na mbwa. Yeye atapeleka indri. Msichana kutoka kilima hiki chetu, ndani ya makumbusho!

Aligeuza taya kwenye mwanga. "Mbona ni dogo hivi?"

"Lilikuwa la mtoto," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, halikunipa nafasi.

Ameondoka na kopo.

Mvua: ndogo. Komba: sikutoka nje.

22 Machi

Ukurasa huu nitauchana.

Taya lile si la Madagaska. Sikurudi na kitu kutoka huko ila jeraha la goti na wimbo, na wimbo hauwekwi kwenye kopo. Niliposhuka hapa mwaka wa 1946 nilisimulia mwezi mzima, wakanicheka mwezi mzima. Siku moja nikafungua mzinga wangu wa kando ya mto, nikamkuta komba amekufa ndani, amezama kwenye asali. Nikachemsha kichwa. Meno ya mbele ya chini yalikuwa ya ajabu, membamba, yamelala mbele pamoja kama kitana. Nikajua hakuna mtu wa Tetu aliyewahi kuchungulia kinywa cha komba. Hivyo ndivyo nilivyopata ushahidi.

Wachuka alizaliwa mwaka huo huo. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, tulipofungiwa kijijini na amri ya kutotoka nje, alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye njaa, na jioni alikuwa akiomba kopo. Analishika, mimi nasimulia, mpaka analala. Yeye peke yake aliamini. Nadhani ndiyo sababu akasomea wanyama.

Sasa anaandika juu ya uongo wangu kwa mkono wake mzuri.

23 Machi

Mvua. Komba: wanne. Sikuuchana.

25 Machi

Mvua. Maganda yanatoka vizuri, mti umejaa maji. Komba: watatu.

28 Machi, Jumapili

Nilikwenda kwa Kabura baada ya kanisa ili nimwambie Wachuka. Nilijipanga njia nzima. Lakini nilipofika alikuwa na daftari wazi na furaha tele, akaanza kunifundisha, na mimi nikifundishwa husahau nilichokuja kufanya.

Anasema indri ni wa kundi la lemuri wa Madagaska, na komba wetu ni ndugu zao wa damu. Nikasema hapana, mmoja ni mkubwa kama mtoto, mwingine anaingia mfukoni. Akasema undugu hautazamwi kwa ukubwa. Unatazamwa kwa alama, na akazihesabu: pua yenye unyevu kama ya mbwa, ukucha mmoja mrefu kwenye kidole cha pili cha mguu, wa kujikunia, wakati vidole vingine vina kucha bapa kama zetu, na meno ya kitana. Wote hao wana babu mmoja wa kale sana, na huku Afrika bara ndiko walikotoka wale wa Madagaska. Inadhaniwa walivuka bahari juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko.

"Bila nauli," nikasema.

"Bila nauli, Mjomba. Na huko hapakuwa na nyani wa kuwasumbua, basi wakazaana kila namna."

Hapo nikaelewa. Ni mbari. Mtu alihama na jembe lake, akavuka ng'ambo, leo wajukuu zake ni warefu na sisi ni wafupi, lakini ukiuliza mbari mnakutana kwa babu mmoja.

Kabura, ambaye ni mtu wa chama cha akina mama kanisani, aliuliza kutoka jikoni kama sisi nasi tumo katika mbari hiyo ya komba. Wachuka alisema sisi tuko na nyani, upande wa pua kavu, lakini boma ni moja. Kabura akasema yeye boma lake analijua, na kwamba kama kuna mtu wa hapa aliyetoka kwa nyani, ni yule aliyekwenda Madagaska.

Wachuka anasema kuna mnyama mmoja wa visiwa vya Asia ana macho makubwa kuliko komba, na anatembea usiku kama yeye. Kwa sura ungeapa ni ndugu yake. Lakini pua yake ni kavu, kwa hiyo wasomi wengine wanamhamishia upande wetu, na bado wanabishana. Na yuko mwingine wa Madagaska mwenye meno kama panya. Wasomi wa zamani walimwandika kuwa ni kindi. Miaka mingi! Halafu wakasahihisha.

"Waliadhibiwa?" nikauliza.

"Kwa nini waadhibiwe? Walisema wamekosea."

Nilitaka kusema palepale. Chai ikaletwa.

3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Wachuka ametuma habari: amepeleka maandishi yake ya kwanza, na mtu wa mifupa wa makumbusho, Bwana Simiyu, atakuja mwenyewe tarehe kumi na saba kuliona taya na kunisikiliza mimi niliyelileta. Ni Mbukusu. Nimemwambia Ngendo awafungie kuku, maana watu wa magharibi wanavyopenda kuku tunajua.

5 Aprili

Mvua. Komba: watatu.

6 Aprili

Mvua. Komba: mmoja, amelowa kama mimi.

11 Aprili, Pasaka

Kanisa lilijaa. Wachuka alikaa mbele yangu. Nilitazama kisogo chake ibada nzima. Mhubiri alisema jiwe liliondolewa. Langu halikusogea.

14 Aprili

Mvua. Sikuhesabu.

17 Aprili, Jumamosi

Naandika juu ya karatasi ya sukari kwa sababu kitabu kimeondoka, na nitaeleza kiliondokaje.

Walifika saa nne, Wachuka na Bwana Simiyu, viatu vimejaa tope jekundu. Ni mtu mfupi, mpole, mikono midogo ya mshona nguo. Nderitu alikuwa amekuja pia, bila kualikwa, akajikalisha penye moto. Nilijipanga kumwonyesha mgeni kwamba sisi si washamba. Nikaanza Madagaska tangu melini.

Simiyu alinisikiliza mpaka mwisho. Watu hawafanyi hivyo. Halafu akafungua kopo, akaweka taya juu ya kitambaa, akatoa kioo cha kukuzia. Alihesabu meno kwa ncha ya kijiti. Akahesabu tena. Akanitazama, nikatazama moto.

Akamwuliza Wachuka, "Mwalimu, kwenye maandishi yako umesema ni mtoto?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya ukubwa."

"Sawa." Akafunga kofia ya kalamu yake. Akamwomba Wachuka amsaidie Ngendo na chai, na Nderitu akamwomba amsogezee mzigo wake barazani usilowe, ingawa haukuwa ukilowa. Tukabaki wawili.

Alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, kwetu karibu na Kakamega kuna mnyama wa ukoo huu, anaitwa poto. Anatembea polepole kama mgonjwa, na kidole chake cha shahada ni kigutu tu. Nilipokuwa kijana nilimwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba nimemkamata kwa mkono wangu. Nilikuwa nimemnunua sokoni. Nilikaa na jambo hilo miaka miwili."

Nikasukuma kuni motoni.

"Indri ana meno manne kwenye kitana. Hili lina sita. Na hebu tazama magego haya yalivyolika. Huyu hakuwa mtoto. Alikuwa babu wa mtu. Mimi nitaandika ninachoona, Mzee. Lakini sijaanza kuandika."

Nimepigwa risasi goti, nimelala na homa Madagaska siku kumi na moja. (Nne.) Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa Wachuka aliporudi na birika.

Nikasimama. Nikasema, "Wachuka, taya hilo ni la komba wa hapa. Nilimtoa kwenye mzinga wangu, mwaka ule ulipozaliwa."

Aliweka birika chini, taratibu sana. "Na Madagaska?"

"Nilifika."

"Na wale waimbaji?"

"Niliwaona. Nikawasikia."

"Nitajuaje, Mjomba? Sasa nitajuaje?"

Nikachukua kitabu changu, nikakifungua penye tarehe ishirini na mbili Machi, nikampa. Alisoma akiwa amesimama. Alisoma ukurasa ule, akarudi nyuma akasoma arobaini, hamsini na mmoja, sitini. Akakifunga, akakiweka chini ya koti, akatoka mvuani.

Nderitu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilingoja alie kama bundi. Hakulia. Alisema tu, "Wamae, hii ni mbaya," akaenda zake, na kwa hilo pia nashukuru, ingawa sikutegemea kumshukuru Nderitu katika maisha haya.

Simiyu alibaki, akitazama maji yanavyotiririka kutoka kwenye bati. Akauliza, "Na huo wimbo ulikuwaje?"

Nilikuwa sina hamu. Lakini yeye aliuliza kama mtu anayeuliza njia, si kama mtu anayengoja kucheka. Nikatoka barazani. Nikafumba macho, nikaweka ukungu mahali pake, na Kihara, na reli. Nikaanza chini, kifuani, kama nilivyosikia. Nikaupandisha. Nikaushikilia, nikauteremsha polepole, na nilipofika mwisho nikaingia kwa sauti ya yule wa pili anayepokea. Miaka yote nimewasimulia watu kwamba waliimba. Sikuwahi kuwaimbia.

Wachuka alikuwa amefika kwenye miwati. Nilimwona amesimama njiani. Hakugeuka. Halafu akaendelea.

Simiyu alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Akasema, "Mgeni mmoja kutoka Ufaransa alikuja kwetu Nairobi na kinasa sauti. Alitusikilizisha indri siku nzima." Akatikisa kichwa. "Ndio huo, Mzee. Hata pale unaposhuka. Ndio huo kabisa."

Nikakaa chini kwenye unyevu. Kisha nikaenda nikamfungulia jogoo mkubwa, nikamchinja mwenyewe, na Simiyu akala miguu yote miwili. Nilidhani ni mtu wa mbali. Kumbe nilikuwa natazama ukubwa na sura, sitazami alama.

18 Aprili

Karatasi ya sukari imekwisha. Mvua. Komba: wawili.

21 Aprili

Hii ni ya pakiti ya chumvi. Mvua. Komba: wawili. Ngendo ameniwekea blanketi la pili.

25 Aprili, Jumapili

Wachuka amekuja. Amerudisha kitabu. Pembeni pa arobaini ameweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, pembeni pa hamsini na mmoja mbili, na pembeni pa sitini amechora lori.

Aliketi penye moto. Kisha akasema, "Nilikasirika kwa sababu wakati wa Imajensi nililala na lile kopo. Watoto wengine walikuwa na njaa tu. Mimi nilikuwa na njaa na kisiwa."

Nilimwomba msamaha. Si kwa maneno mengi. Kama ningejua mapema kwamba machache yanatosha, ningeyasema zamani.

"Simiyu aliniambia juu ya wimbo," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshasikia. Nilisimama."

"Nilikuona."

"Hukuniona, mvua ilikuwa kubwa."

"Wachuka, hilo moja uniachie. Nilikuona."

Akacheka, na mimi nikapata kupumua.

Ameandika upya kwa siku tatu usiku. Sasa maandishi ni juu ya komba wa miwati ya Tetu: taya, kitana cha meno sita, magego yaliyolika, mahali wanapolala, gundi wanayokula, na hesabu ya kila siku ya mvua, kuanzia tarehe ishirini na tatu Machi. Zilizotangulia amezikata. Ameeleza pia kwamba awali alilidhania ni taya la indri, akaeleza kwa nini alikosea, na jinsi kitana kimoja kinavyoweza kumdanganya mtu kwa sababu ukoo ni mmoja. Nikamwuliza kama hiyo haitamharibia. Akasema huenda. Lakini itakuwa ni yake.

27 Aprili

Barua yake imeondoka na posta ya asubuhi. Ngendo amefunga kwa maombi. Mimi nimeshindwa saa sita.

9 Mei

Mvua imepungua. Komba: watatu.

15 Mei

Nderitu ameniletea asali, ati mzinga wake umejaa. Kisha akasimama kama mtu mwenye haja, akasema kwamba siku ile alikuwa hajafika mbali, na kama si taabu, anaomba kusikia tena. Nikamwimbia. Alivua kofia, sawasawa na Kihara.

27 Mei

Wamemchukua! Aanze Julai. Kabura amekuja akikimbia na barua, kitambaa kimeanguka kichwani, akanikumbatia, mimi ndugu yake mwongo. Barua inasema mengi, lakini Wachuka alinisomea sehemu moja mara mbili: kwamba walipenda jinsi alivyoandika kosa lake mwenyewe waziwazi. Na chini Simiyu ameongeza kwa mkono: taya wanalihitaji, na kibandiko chake kiandikwe mahali, mwaka, na jina la aliyelikusanya.

Wachuka alinipa kalamu. Mkono ulitaka kuandika Madagaska kwa mazoea. Nikaandika: *Komba. Mzinga wa kando ya mto, Tetu, Nyeri. 1946. Wamae.*

Nimeishi miaka arobaini na tisa nikijitengenezea jina kubwa, na sasa nimepewa dogo, litakalokaa ndani ya sanduku la kioo Nairobi baada ya mimi kwenda. Namshukuru Mungu, namshukuru binti huyu, na Mbukusu yule aliyefunga kalamu. Namshukuru na mzee komba aliyekufa akiwa ameshiba.

30 Mei, Jumapili

Mvua: hakuna. Nadhani imekwisha. Jioni nilikwenda kwenye miwati na tochi. Komba: wawili. Kulikuwa na wa tatu upande wa mto, nilisikia tawi likitikisika na ningeweza kuapa ni yeye, dume kubwa sana. Lakini macho yake sikuyaona.

Wawili.